Mwandishi wa Goli Moja

Siku tuliyomzika Chande, kule Mbagala, niliwahi kiti cha plastiki kilichokuwa karibu kabisa na ukuta. Umri haujanibadilisha: popote ninapokwenda natafuta kwanza ukuta wa kuegemea, halafu natafuta njia ya kurudi nyumbani. Chini ya turubai mazungumzo yalikuwa yameshahama kutoka kwa marehemu na kuingia kwenye mpira, jambo ambalo marehemu mwenyewe angelifurahia. Mpwa wake, Mwanahawa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameandika habari za mjomba wake kwenye blogu yake, ambayo kila wiki inaeleza mechi za timu ndogo ndogo za Temeke ambazo hata waamuzi wenyewe wakifika nyumbani wameshazisahau. Simu ilikuwa inapita mkono kwa mkono, watu wanasoma, wanacheka, wanafuta macho. Ikafika kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya gazeti. Akaishika mbali na uso kama anayekagua samaki wa jana, akasoma kidogo, akairudisha. Akasema zamani kuandika mpira ilikuwa kazi ya watu walioisomea, siku hizi kila mwenye simu ni mwandishi, hana mhariri, hana mshahara, na hajulikani katumwa na nani. Mwanahawa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa adabu zake zote, "Baba, shikamoo nilishakupa, kwa hiyo nisamehe nikikuuliza. Ile mechi ya mjomba, nyie gazetini mliiandika?" Mzee akasema hakumbuki. Mie nilikuwa nakumbuka. Hawakuiandika. Mechi ile iliandikwa kwa chaki, na aliyeiandika alikuwa pale pale ukutani, kashika sahani ya wali, anaona haya kuomba maharage mengine.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, magazeti ya watu binafsi yanachomoza kila kukicha, marobota ya mitumba yanafunguliwa kila kona, na mie nimemaliza kidato cha nne nikiwa na cheti ambacho hakikunipeleka mbele wala hakikunirudisha nyuma. Nilikuwa nakaa kwa shangazi, Temeke. Ilikuwaje nikafika kwa shangazi ni habari ndefu na haina mpira ndani yake, kwa hiyo naiacha. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kabisa uani, kati ya jiko na choo, hivyo hewa niliyovuta ilitegemea upepo umeamkia wapi. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba kiitwacho teremka tukaze, sanduku la bati, na msumari ukutani ambao ndio ulikuwa kabati. Lakini chumba hicho kilikuwa na utajiri ambao wapangaji wengine hawakuujua. Ukuta wa ua wetu ulikuwa umepakana na uwanja wa mpira, na goli la upande huo lilikuwa hatua chache tu nyuma ya ukuta. Pembeni mwa ukuta lilikaa pipa la maji la shangazi. Ukipanda juu ya mfuniko wake, kichwa chako kilitokeza sawasawa nyuma ya kipa, ukamwona mpaka jasho la shingoni.

Kwa mtu mvivu wa kutoka kama mie, hiyo ilikuwa neema. Jua sikulipenda, msongamano sikuupenda, na kukanyagwa miguu na watu wanaoshangilia nilikuwa naona ni kujitakia. Shangazi, ambaye alikuwa akikaanga maandazi ya iliki tangu alfajiri, alipoona miezi inakwenda na mpwa wake hatoki nje ya uzio, alianza kuniita Mwali, kama binti aliyevunja ungo akafungiwa ndani. Akawaambia wateja wake kwamba ana mwali wake uani, ana ndevu, na hajui ngoma ya kumtoa itapigwa lini. Jina likatembea. Hadi watu ambao sikuwahi kuwaona walikuwa wananisalimia kupitia ukuta, "Mwali, umeshafundwa?" Nami nilikuwa najibu kwamba bado, somo amekwenda Kawe kununua shanga.

Timu ya uwanja ule iliitwa Mabati Rangers, kwa sababu ya ghala la mabati lililokuwa upande wa pili. Jezi zao zilitoka kwenye robota la mitumba: zote za kijani, lakini kila moja kijani chake, na ya beki wa kati ilikuwa na picha ya kikombe cha kahawa mgongoni. Mlezi wa timu alikuwa mwenye nyumba wetu, Mzee Pazi, Mzaramo wa pale pale, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha uiname ndipo uisikie. Alinunua malimau ya mapumziko, alishona mipira kwa mkono wake, na aliongoza kile ambacho kila timu ya nchi hii inacho na hakuna inayokikiri, kamati ya ufundi. Asiyejua atadhani ni mambo ya makocha. Ni mambo ya waganga: nani aingie uwanjani kinyumenyume, nani asioge, nini kifukiwe wapi.

Kuandika kwangu kulianza kwa hasira ya watu wengine. Gazeti moja jipya lilitoa mistari mitatu kuhusu mechi ya Mabati, na katika mistari hiyo matokeo yalikuwa yamegeuzwa, mfungaji alikuwa mtu aliyekaa benchi, na uwanja ulikuwa umehamishiwa Bunju. Wachezaji walikuja barazani kwa Mzee Pazi wamelishika gazeti kama mtoto aliyeumwa na nyuki. Yule aliyefunga goli la kweli alikuwa karibu kulia, maana alishamwambia mchumba wake anunue nakala. Shangazi akawaambia bila kuinua macho kwenye karai lake, "Muulizeni Mwali. Alikuwa kwenye pipa langu, miguu juu ya maji yangu ya kunywa." Basi nikawaeleza, na mmoja akasema kwa nini usiandike. Tukapata kipande cha plaiwudi, tukakipaka makaa ya betri kuukuu yaliyosagwa na majani mabichi, kama ubao wa shule, na mpangaji mwenzetu aliyekuwa akifundisha akawa ananiletea vipande vya chaki. Ubao ukawa unawekwa kwenye baraza ya Mzee Pazi kila Jumatatu asubuhi. Hata kuutoa nje sikuutoa mwenyewe. Mwali gani anatoka nje amebeba ubao?

Sasa, pipa lilikuwa na kasoro yake. Goli la ukutani nililiona kama lipo kwenye sahani, lakini goli la kule ghalani lilikuwa mbali, vumbi tupu na watu wadogo wanaokimbizana. Ningeweza kutunga. Redioni walikuwa wanatunga, nani hajui, mpira ukiwa umetoka nje mtangazaji bado anauchezesha. Lakini wasomaji wangu walikuwa uwanjani wenyewe, na wengine ndio waliocheza, nikitunga nachekwa kabla ya saa nne. Kwa hiyo niligawa ubao sehemu mbili. Juu niliandika "Niliyoyaona", pakajaa sentensi mpaka ukingoni. Chini niliandika "Yaliyosikika", na hapo palikuwa na maneno kama: kelele kubwa upande wa ghala, nadhani goli, aliyeona aniambie. Watu walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Wakaniita mwandishi wa goli moja. Lakini jioni walikuwa wanakuja ukutani, wananigongea kwa jiwe, kunieleza goli la kule lilivyoingia, na wakibishana wao kwa wao naandika ubishi wote. Pale msibani nilitamani kumwambia yule mzee kwamba hao ndio wahariri wangu, na hakuna chumba cha habari kilichokuwa na wahariri wakali kama wale. Anayemwandikia jirani yake hana pa kujificha. Mwanahawa akikosea jina la kipa wa timu ya mtaa wa pili, kesho yake mama wa kipa anamsubiri kwenye lango la shule.

Chande ndiye alikuwa kipa wa Mabati. Kwa kuwa goli langu ndilo lililokuwa goli lake kipindi kimoja katika kila mechi, tulikuwa tunaongea. Yeye hageuki, macho mbele, mikono magotini, lakini maneno yanakuja nyuma. "Mwali, shangazi kapika nini?" Nikimwambia maharage ya nazi anasema basi leo sifungwi. Alikuwa kijana mnene kidogo, mcheshi, anafanya kazi ya kupakia mizigo ghalani, anakaa na mama yake aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga kwenye pembe ya uwanja, vibua na changu, kwenye sinia lililofunikwa kanga. Mabati ikishinda, sinia lilikwisha kabla ya magharibi. Ikifungwa, lilichelewa kidogo tu, watu wanakula kwa hasira.

Mechi yenyewe ilikuwa ya mwisho ya ligi ya wilaya. Sare ilitutosha kupanda kwenda mkoa, na Mabati haijawahi kupanda popote isipokuwa juu ya uzi mwembamba wa tumaini. Alfajiri ya siku hiyo nilikuwa uani napiga mswaki, giza linaanza kupauka, nikasikia jembe linakwaruza mchanga nyuma ya ukuta. Sikupanda pipani. Kwa utulivu wa alfajiri hata sauti ya chini ya Mzee Pazi ilinifikia, na haikuhitaji macho. Alikuwa anamwambia mtu kwamba kuanzia hapa mpaka kwenye mlingoti wa kushoto, asitie mguu, wala mkono, kazi imeshafanyika, mpira ukija upande huo utageuka wenyewe. Kisha nikasikia sauti ya Chande, ya usingizi na adabu.

"Na ukipita, mzee?"

"Ukipita, ni wewe utakuwa umekanyaga."

Nilibaki na povu mdomoni. Nilifikiri maneno hayo siku nzima na mpaka leo sijaona mlango wa kutokea ndani yake. Mchana uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta wetu, nikalazimika kugawana pipa na mafundi cherehani wawili. Kipindi cha pili Chande alikuwa goli la ukutani. Hakuniuliza shangazi kapika nini. Alisimama upande wa kulia, karibu anagusa mlingoti, kama mgeni aliyeonyeshwa pa kukaa. Mchezo ukiwa unaelekea kwisha, bado hakuna goli, mshambuliaji wao aliteleza, akaugusa mpira kwa ugoko, ukaja. Haukuwa shuti. Ulikuwa unatambaa kama kuku anayerudi bandani. Niliuona mguu wa Chande wa kushoto ukiinuka. Niliuona ukirudi chini. Mpira ukapita katikati ya mchanga uliofukuliwa, ukaingia, na hata haukufika wavuni, ukachoka ukasimama pale.

Pale ukutani mtu mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kala hela." Kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa unasema kauza mechi, na kila aliyesema aliongeza chake: kaonekana na watu wa timu ile, kanunua redio, mama yake kavaa kanga mpya. Sikusikia hata mmoja akiuliza kamati ya ufundi ilikuwa inafanya nini, na kamati ilikuwa imekaa kimya, maana ikisema ilimkataza, imekiri, na isiposema, Chande ndiye. Mzee Pazi hakumtukana. Alisema tu, kwa ile sauti yake, kwamba kuna vijana hawashiki maneno. Ilitosha. Kesho yake, Jumapili, sinia la Mama Chande lilikaa pale pembeni mpaka giza likaingia, kanga haijafunuliwa, inzi wanazunguka. Nilimwona kutoka pipani. Watu walikuwa wanavuka barabara ili wasipite mbele yake. Shangazi alinunua samaki watatu, akarudi anasema Chande anafunga nguo zake, anataka kwenda Kilwa kwa wajomba, na mama yake hajamzuia.

Nikamwambia shangazi nilichosikia alfajiri ile. Aliacha kukanda unga. Akaniuliza nyumba hii ya nani, nikamwambia ya Mzee Pazi. Baraza ya nani? Ya Mzee Pazi. Akasema unaona, kisha akaendelea kukanda kwa muda mrefu mpaka nikadhani tumemaliza. Niliposhika ubao kwenda kuufuta akaniambia, bila kugeuka, "Kama utaandika, andika herufi kubwa. Mama Chande macho yake si mazuri."

Niliandika hivi. Goli tulilofungwa nililiona vizuri, lilikuwa upande wangu. Shuti lilikuwa dogo na kipa angelidaka. Hakulidaka kwa sababu alfajiri wakubwa wa timu walimkataza kukanyaga upande wa kushoto wa goli, nimesikia mwenyewe nikiwa uani. Kipa alitii. Kama kuna mtu alimpa kitu, mie sikuona. Chini, kwenye Yaliyosikika, niliandika: mengi, lakini hakuna hata mmoja aliyeyaona.

Jumatatu hiyo ubao niliutoa mwenyewe. Watu walisoma, na hakuna aliyecheka. Wakanywa kahawa wamesimama, wakawa wanatazama mlango. Mzee Pazi akatoka na kikoi chake, akasoma kwa kidole, neno kwa neno, maana kusoma alijifunzia elimu ya watu wazima na hakupenda kuruka hata herufi. Kisha akaniuliza nani kanituma. Jambo lile lile ambalo yule mzee wa gazeti alilitilia shaka msibani mbele ya Mwanahawa. Nadhani ni swali la kwanza analoulizwa kila anayeandika bila kuajiriwa. Nikasema hakuna.

"Ulisimama wapi?"

"Uani, mzee. Mpirani nilikuwa juu ya pipa."

"Ukuta wa nani?"

"Wako, mzee."

"Kwa hiyo umekaa nyuma ya ukuta wangu, umesikiliza maneno yangu, umeyaandika, ukayaweka kwenye baraza yangu."

"Ndiyo, mzee."

Aliunyanyua ubao, akauingiza ndani kwake, akafunga mlango. Shangazi alianza kuulizia vyumba Tandika siku hiyo hiyo. Mie nilikaa kitandani nikihesabu mali yangu, na ilikuwa ni sanduku na msumari, na msumari ulikuwa wa mwenye nyumba.

Kesho yake asubuhi ubao ulikuwa barazani. Maneno yangu yalikuwepo yote, hayakuguswa. Chini yake, kwa herufi kubwa zilizoinama huku na huku kama fito za uzio, kulikuwa na maandishi mengine: KIJANA AMEKOSEA. SI KUSHOTO TU. NA KATIKATI TULIMKATAZA KIPA. PAZI.

Watu walisoma mara ya kwanza kwa woga. Mara ya pili fundi cherehani mmoja akasema taratibu, "Sasa huyu kipa aliachiwa nini?" Hapo kicheko kikapasuka mpaka nje ya uzio, na ndani ya kicheko hicho ndimo jina la Chande lilimorudi mahali pake. Mpaka leo sijui kama Mzee Pazi alifanya vile kwa uungwana, au ni kwamba hakuweza kulala akijua habari ya timu yake imeandikwa nusu. Naamini ni vyote viwili. Ndiyo maana nikisikia watu wanawabeza vijana wa blogu, kwamba hawana kazi, kwamba hakuna aliyewaomba, huwa nakumbuka mzee yule akiwa peke yake chumbani na kipande cha chaki, anajiandika kwenye aibu yake mwenyewe kwa sababu kulikuwa na kosa na yeye alikuwa anajua sahihi yake. Mshahara gani ungemfanya mtu afanye vile? Mtu anafanya vile kwa timu anayoipenda, na hakuna mwingine wa kuifanyia.

Jioni Mzee Pazi alikwenda kwenye pembe ya uwanja, akafunua kanga kwa mkono wake, akachagua kibua, akala pale pale amesimama, taratibu, mpaka kila mpita njia akawa amemwona. Mama Chande alimwongezea limau.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mechi ya kirafiki isiyo na maana yoyote. Chande alikuwa golini kwangu kipindi cha kwanza, nguo zake za Kilwa zimeshafunguliwa. Hata hajakaa sawa, beki wao mmoja akapiga mpira ovyo kutoka mbali, unakwenda nje kabisa, kushoto, mtoto wa chekechea angeuacha. Chande aliurukia. Aliruka mzima mzima, mikono mbele, akatua kifudifudi juu ya mchanga ule ule, vumbi likamfunika, na mpira ukapita mbali naye ukaja kugonga ukuta wetu. Akabaki amelala pale, amekumbatia mchanga, mabega yanatikisika. Uwanja wote ulikuwa unacheka na kupiga makofi, Mzee Pazi akiwa kwenye benchi lake amejifunika uso kwa kofia. Chande akageuza kichwa, uso mweupe kwa vumbi, mara ya kwanza na ya pekee kunitazama mchezo ukiendelea.

"Mwali," akasema, "hiyo umeiona?"

Mechi ile ilikuwa na magoli mengi, mengine mazuri, na moja lilikuwa la ushindi. Niliyaandika yote. Lakini ile ya Chande niliiandika kwanza, juu kabisa, kabla ya matokeo.